Jina Kwanza, Halafu Neno

Mwalimu alikuwa na neno moja la kufungia kila kitu. Akimaliza kueleza jambo darasani alitugeukia, chaki mkononi, akauliza, "Imeingia?" Akisukuma plagi ukutani alijiambia mwenyewe, "Imeingia." Hata mkewe akimletea chai na yeye yuko chini ya meza na nyaya zake, hakusema asante, alionja, akasema, "Imeingia." Mama, ndivyo wote tulivyomwita mkewe, alicheka kila mara, na mimi niliyelisikia neno hilo kwa zaidi ya miaka ishirini sikuwahi kulichoka.

Nataka kueleza alivyokuwa. Sitamtaja jina. Mvara nzima, pale Arua, inamjua kama Mwalimu, na asiyemjua jina lake halitamsaidia kitu. Habari za ukoo na kuzaliwa kwake nawaachia ndugu zake. Mimi nina mambo madogo madogo, na lile moja kubwa ninalolibeba kifuani, ambalo nitalifikia hata kama sitaki.

Alinifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari pale Mvara. Nilitoka Dranya, upande wa Koboko, mtoto wa askari wa zamani, na Kilugbara changu kilikuwa cha kuombea maji tu. Yeye Kikakwa, lugha ya kwetu, hakujua hata salamu. Kiingereza kilikuwa cha darasani. Kwa hiyo nje ya darasa tulizungumza Kiswahili, kile cha kwetu kilicholetwa na kambi za askari na soko, na nadhani alifurahi kupata mtu wa kukizungumza naye bila aibu. "Wewe mutoto ya Koboko," aliniita siku ya kwanza. Nilimaliza shule, nikafungua duka la kutengeneza simu na kompyuta Koboko mjini, nikaolewa, nikazaa watatu, na kwake nilibaki mtoto wa Koboko.

Sifa kutoka kwake zilikuwa adimu. Siku moja alinikuta napiga soga wakati wa zoezi, akanipa redio mbovu kuwa adhabu. Niliihangaikia wiki nzima mpaka ikaimba. Aliisikiliza kichwa kikiwa upande, jicho moja limefumbwa, akasema, "Iko na kelele kidogo." Jumatatu yake akaniletea nyingine mbovu zaidi. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ninayokula nayo mpaka leo, na sikumbuki hata siku moja aliyosema nimefanya vizuri.

Viatu vyake viling'aa hata wakati wa mvua, barabara ya Mvara ikiwa tope tupu. Alishuka kwenye boda, akatoa kitambaa mfukoni, akavipangusa mbele ya watu wote, ndipo akaanza kutembea. Radi aliiogopa kuliko mtoto. Wingu likianza kujikusanya upande wa Kongo, alizunguka nyumba nzima akichomoa nyaya, redio, pasi, taa ya kusomea, huku Mama akimfuata nyuma akisema, "Baba, hata mvua yenyewe bado." Kitu kimoja tu hakukichomoa kamwe, na ndicho chenye kisa hiki.

Ukutani mwa maabara aliandika kwa rangi nyekundu: ANGALIA KWANZA, MKONO BAADAYE. Ole wako uguse waya kabla hujaufuata kwa macho mpaka mwisho wake. Nimemwona akimtoa nje mwanafunzi kwa kunyoosha kidole tu. Amri hiyo mwenyewe aliishika maisha yake yote, isipokuwa asubuhi moja.

Alipostaafu, watu walidhani atapumzika au atalima. Hakufanya lolote kati ya hayo. Kulikuwa na shirika moja lililokuwa likifunga ofisi yake mjini Arua, wakampa kompyuta yao kubwa, nyeusi, nzito kama gunia la muhogo mkavu. Aliiweka kwenye stoo nyuma ya jiko, akaipa betri za sola, akaweka ndani yake ile programu inayoigawa kompyuta moja zikawa kadhaa, kila moja ikifanya kazi yake na kujiona iko peke yake. Vitabuni huitwa mashine pepe. Mwalimu aliziita wapangaji.

"Nyumba iko moja," alinieleza siku aliponionyesha, "lakini mupangaji iko tano. Kila mutu na mulango yake. Moja akigonjwa, ingine hapana jua."

Mpangaji wa kwanza alikuwa na mazoezi ya fizikia ya watoto wa jirani. Wa pili alitunza nyimbo za kwaya, wa tatu vitabu, wa nne aliangalia afya ya betri. Wa tano alikuwa wa sauti.

Hizo sauti ndizo zilizomtoa nyumbani. Alianza na wazee wa Aroi, karibu na kwao, kisha akafika hadi kwetu Koboko, kijiji kwa kijiji, juu ya boda, kinasa sauti kidogo kimefungwa kwenye kitambaa kile kile cha viatu. Alitaka maneno ya wazee ambao hawajawahi kuulizwa. Wengi walikuwa askari zamani, waliokimbia, wakaishi Kongo na Sudan, wakarudi, wakashika jembe na kunyamaza. Kila mmoja alianzishwa kwa namna moja. Mwalimu alikaa, akavua kofia, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba, akasema, "Jina kwanza. Halafu neno." Mzee akitaja jina lake, la baba yake na la kijiji chake, ndipo alipoanza kusema. Mwalimu hakumkatiza mtu. Mzee akinyamaza, naye alinyamaza, akasubiri kidogo, labda kuna mengine. Kisha kidole gumba tena, na lile neno lake: "Imeingia."

Wazee walitoa sharti, na sharti lenyewe lilikuwa gumu. Neno langu, kila mmoja alisema, lisisikiwe nikiwa hai. Nikifa, na siku za msiba zikiisha, mwanangu aje asikilize. Mwalimu aliapa. Kwa hiyo mlango wa mpangaji wa tano aliufungia kwa neno la siri ambalo hakulipa mtu wala kuliandika popote. Nilimwambia aliandike. Akaniangalia kwa dharau.

"Karatasi iko na miguu," alisema.

"Basi tufanye kopi, tuweke mahali pengine."

"Neno ya mutu si nyanya ya soko, unagawa gawa. Walinipa mimi."

Huyo ndiye mtu ambaye darasani alitulazimisha kuandika kila kitu mara mbili, na asiyeandika alitolewa nje. Ukimwonyesha kwamba anajipinga alikunja uso, akatafuta kofia yake.

Baba yangu alirekodiwa Dranya, mwezi wa kupanda simsim, yaani ufuta. Mimi ndiye niliyemleta Mwalimu pale nyumbani. Baba alikuwa mtu wa maneno machache. Miaka yake ya jeshini na ya ukimbizini hatukuijua hata robo. Ukimwuliza alisema, "Tulitembea sana," basi. Siku ile aliingia chumbani na Mwalimu, mlango ukafungwa, nami nikakaa nje nikichambua mboga. Zaidi ya saa nzima nilisikia sauti yake, chini chini, neno moja moja halishikiki. Mara moja alicheka. Mara moja alinyamaza muda mrefu hata nikaacha mboga. Walipotoka, macho ya baba yalikuwa mekundu na uso wake mwepesi, akaniambia nimletee mgeni maji ya kunawa.

Alikufa mwaka uliofuata. Arobaini ikaisha. Mwalimu akanipigia: "Mutoto ya Koboko, neno ya baba yako iko hapa. Kuja." Nikasema nitakuja wiki ijayo. Wiki ijayo duka lilikuwa na kazi. Kisha ikawa mvua, kisha mtoto akaumwa. Nasema kweli: niliogopa. Nilitaka kuisikia sauti ile na niliogopa itakachosema, nikajidanganya kwamba iko salama Mvara na itanisubiri. Mwalimu hakunisukuma. Kila tulipokutana aliniambia tu, "Iko."

Sasa lazima nieleze jina. Kwa Walugbara, watu wa Mwalimu, mtoto huitwa kwa hali ya nyumba aliyoikuta. Akizaliwa katika furaha huitwa furaha, akikuta vifo huitwa kifo, akikuta majirani wanamsengenya mama yake ataitwa masengenyo, na atakwenda nalo mpaka uzee. Mashine ile ilifika nyumbani kwa Mwalimu siku ambazo matanga ya binti yao wa kwanza hayajaisha. Alikuwa muuguzi, aliugua ghafla, hakumaliza wiki. Gari lililoahidiwa kabla ya msiba likaja tu na mzigo wake, likakuta uani watu wanalala kwenye mikeka. Mwalimu alikaa na mashine hiyo stoo kwa sababu hakuweza kukaa na watu. Programu ilipomwuliza nyumba hii iitwe nani, aliandika Candiru, yaani aliyekuja wakati wa mateso. Mtu aliyewagombeza wanafunzi kwa kusema radi hutumwa na mchawi, huyo huyo aliipa kompyuta jina kama mtoto wake wa mwisho.

Na jina likazoeleka. "Naenda angalia Candiru." "Candiru iko na joto leo." Wingu likija, nyaya zote zikachomolewa, na kutoka stoo ikasikika sauti yake, "Candiru hapana guswa!" Ndicho kitu pekee alichokiacha kwenye waya, kwa vile betri zilikitunza na yeye alikitunza zaidi. Mashine ile haikuzimwa miaka mitatu.

Mama alivumilia. Ni mwanamke mpole, mnene, mwenye kicheko cha karibu, lakini nilimwona mara nyingi anavyoinamia sufuria jina lile likitajwa. Kisha akajiunga na kikundi cha maombi cha wanawake pale Mvara. Baadhi yao walikuwa na majina ya msiba, na mmoja mmoja walisimama mbele ya wenzao wakayavua, wakachukua mengine. Mama alipiga vigelegele pamoja nao, akarudi nyumbani, akakuta Candiru imeandikwa kwenye plasta nyeupe mlangoni pa stoo. Alimwambia mumewe, "Mi nachoka. Mutoto wetu nilizika mara moja. Kila siku unanizikisha tena." Asubuhi yake Mwalimu alinipigia simu.

Nilikuwa na koleo mkono mmoja na simu ya mteja mkono mwingine. Mteja mwenyewe alikuwa amesimama juu yangu, mfanyabiashara wa kwenda mpakani, gari linampigia honi. Simu ya Mwalimu niliibana begani.

"Mutoto ya Koboko. Nyumba inaweza kubadilisha jina?"

"Inaweza, Mwalimu. Ni faili mbili tu. Ingia ya kwanza, futa jina ya zamani, andika mupya. Ya pili vilevile. Halafu zima, washa tena."

"Na mupangaji? Wanabaki?"

"Wanabaki. Hapana sikia kitu."

"Zima kabisa?"

"Zima, washa. Iko rahisi."

"Imeingia," alisema, akakata.

Nimeyarudia mazungumzo hayo mara nyingi kuliko sala. Programu ile huweka daftari la wapangaji ndani ya folda yenye jina la nyumba: nani yuko chumba gani, mlango wake uko wapi. Ukibadili jina la nyumba, inaanzishwa folda mpya, tupu, na daftari linabaki katika ile ya zamani. Kinachotakiwa ni kulihamisha tu, dakika mbili, na wapangaji wote wanaonekana tena. Nililijua hilo. Nilishalifanya mwenyewe dukani. Sikulisema kwa sababu mteja alikuwa na haraka. Na neno la siri la mpangaji wa tano, ambalo huulizwa mashine ikiwashwa upya na siyo wakati mwingine wowote, halikunijia hata kichwani.

Yaliyotokea stoo nilisimuliwa na Mama. Alisimama mlangoni, mikono kwenye aproni, kushuhudia. Mwalimu alivua viatu, akakaa, akafanya kama nilivyomwambia. Alizima. Stoo ikawa kimya kwa mara ya kwanza tangu binti yao azikwe, na Mama anasema kimya kile kilimshtua. Akawasha. Kwenye kioo likatokea jina jipya walilolichagua pamoja, Ayikoru, la furaha, na chini yake hapakuwa na kitu. Chini zaidi kulikuwa na jina la zamani, limekuwa la kijivu, lina alama ya msalaba ubavuni, na wapangaji watano wa kijivu wamelifuata.

"Bado iko?" Mama aliuliza.

Angenipigia wakati huo, yote yangekuwa mzaha wa kuchekea chai. Daftari lilikuwa pale pale, zima. Lakini aliliangalia lile jina lenye msalaba, akamwangalia mkewe, na mkono wake ukatangulia. Alitafuta folda ya jina la zamani akaifuta yote. Baadaye nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto: "Mutu akipata jina mupya, ya zamani hatuachi mulangoni."

Simu ya pili ilikuja kabla ya mchana. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nyumba iko," alisema. "Watu hapana iko."

Nilifunga duka wateja wakiwa wamesimama, nikapanda gari ya Arua. Njia nzima nilijikaza, nikijiambia diski hazifutiki kwa kufuta daftari, na kwa hilo nilikuwa sahihi. Nilipoingia stoo nilimkuta amekaa wima, soksi miguuni, mikono juu ya mapaja. Nilitafuta, nikazikuta diski zote tano, nzima, hazina majina, zina namba tu. Nikaanza kujenga milango upya, mmoja mmoja, namba kwa namba. Alasiri wa kwanza aliamka na mazoezi yake ya fizikia. Kisha wa vitabu. Wa betri. Wa kwaya alipofungua, Mama alipiga makofi, akaimba kipande hapo hapo, na hata Mwalimu alitabasamu. Moyo wangu ulikuwa juu. Nikamwasha wa tano.

Kioo kikawa cheusi, na juu yake mstari mmoja ukiomba neno la siri. Nikasimama, nikampisha kiti.

"Haya, Mwalimu. Ni wewe sasa. Mi nageuka."

Nikageuka ukutani kama adabu inavyotaka. Nilisikia kibodi: herufi tatu, nne, kisha kimya. Kisha akafuta. Tena tatu, nne. Nilihesabu misumari ya mlango. Mama aliacha kuimba.

"Pole pole," nilisema. "Acha vidole viende vyenyewe."

"Vidole hapana kumbuka." Alisema hivyo bila kugeuka. "Jana mi nilijua hii kitu. Jana nilikuwa nayo."

Jana haikuwa jana. Alikuwa ameliandika mara moja tu, miaka mitatu kabla. Tulijaribu jina la binti. Tulijaribu la Mama, la shule, la kijiji chake, kanuni za fizikia, maneno ya ukutani mwa maabara. Kila mara mstari ulirudi, mtupu, ukiomba. Katikati ya hayo Mwalimu alinigeukia kwa upole mkubwa akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena, kwa upole ule ule, maneno yale yale, nami nikainua macho nikakutana na macho ya Mama. Hapo ndipo nilipojua kwamba si neno la siri peke yake lililopotea.

Mama alinisindikiza mpaka kwenye boda. Alisema ilikuwa miezi sasa tangu Mwalimu aanze kusahau. Alitia chumvi kwenye chai. Alivaa akaenda kanisani siku ya Ijumaa, akarudi akisema leo watu wamechelewa. Aliapisha kila mtu asiseme. "Na mi ndio nilimusukuma," alisema, "mi na jina yangu." Nikamwambia hapana, Mama, ni mimi. Tulisimama pale kila mmoja akivuta kosa upande wake, mwenye boda akiangalia pembeni, na hakuna kati yetu aliyemwondolea mwenzake hata chembe.

Nimefanya ninachoweza, na ninachoweza ni kidogo. Nilichukua nakala ya diski ile iliyofungwa nikaja nayo Koboko. Wateja wakipungua najaribu maneno. Nina daftari la yale niliyokwisha kujaribu, limejaa, nimeanza la pili. Niliwauliza mafundi wakubwa wa Kampala. Wakaniambia kufuli la namna hiyo halivunjiki, ndiyo maana ya kufuli. Mwalimu alilifunga vizuri, sawasawa na alivyoapa. Sauti zimo ndani, hakuna hata moja iliyoharibika, na hakuna mtu duniani anayeweza kuzisikia.

Watu wanakuja. Alikuja mwanamke wa Aroi na watoto wake, baba yake amekufa, siku za msiba zimeisha, amefunga safari kusikiliza. Mwalimu alimkaribisha vizuri sana, akamwambia, "Iko," akampeleka stoo, akasimama mbele ya mashine, akasahau alichokuja kufanya. Mama ndiye aliyemweleza yule mwanamke. Kuna mzee mmoja wa Dranya, jirani yetu, bado hai, ambaye kila akinikuta sokoni ananiuliza kama neno lake liko salama. Namwambia liko salama. Nashindwa kusema zaidi, nanunua kitu nisichokihitaji, naondoka.

Nilikwenda Mvara mara ya mwisho mwezi huu. Ilikuwa baada ya saa sita, jua kali, Mama anachambua mchele barazani. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Viatu vyake vilikuwa na vumbi, na hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea. Nyuma yake, mlangoni pa stoo, plasta mpya imeandikwa Ayikoru kwa mkono wa Mama, na mashine inanguruma ndani kama kawaida.

Nilimsalimu. Alinipa mkono kwa heshima inayopewa mgeni. Hakuniita mtoto wa Koboko. Niliketi kwenye kigoda mbele yake, na kwa kukosa la kufanya nikachukua kitambaa nikampangusa viatu. Aliniacha nifanye. Nilipomaliza alikuwa ananitazama, kichwa upande, jicho moja limefumbwa, vile alivyosikiliza redio yangu. Kisha akavua kofia, akaiweka chini. Kidole gumba chake cha kulia kikabonyeza goti lake.

"Jina kwanza," alisema. "Halafu neno."

Mama aliacha mchele. Nilitaka kusema, Mwalimu, ni mimi. Lakini nilijua hilo silo alilouliza. Nikataja jina langu, la baba yangu, nikataja Dranya. Akatikisa kichwa niendelee. Mkononi hakuwa na kitu.

"Ni mimi nilisema uzime," nikasema. "Ulinipigia, na mi nilikuwa na haraka ya mutu ingine. Nilisahau folda. Nilisahau kuuliza kama unakumbuka neno ya mulango. Baba yangu iko ndani. Wazee yote iko ndani. Uliniambia nikuje sikiliza, na mi nilikuwa naogopa, sikukuja. Sasa nataka, na hapana jua namna ya kufungua. Mi hapana jua kabisa, Mwalimu. Nilikuharibia kazi yako yote."

Alisikiliza yote. Hakunikatiza, hakuyahamisha macho yake, na nilielewa baba yangu alikuwa amekaa mbele ya msikilizaji wa namna gani siku ile nyuma ya mlango. Niliponyamaza, naye alinyamaza. Alisubiri kidogo, labda kuna mengine. Hayakuwepo. Basi kidole gumba chake kikabonyeza goti tena, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayejua kazi yake.

"Imeingia," alisema.